Laptopu au kompyuta ya mezani? Mashine ya gemu kwa sisi wa Arusha na Moshi

Mtoto wa mama mdogo kapata chuo Moshi. Mwaka mzima alikuwa anadunduliza hela ya kuchapa tisheti, na sasa ana milioni moja na laki nne mkononi. Alinipigia usiku, salamu yenyewe kaimeza nusu.

"Shikamoo kaka. Nataka mashine ya gemu. Laptopu au desktopu?"

"Marahaba. Utakaa wapi?"

Akadhani simu inakatakata, akarudia swali. Na mimi nikarudia la kwangu.

Maduka mengi hapa mjini hayaulizi hilo. Yanauliza una shilingi ngapi, kisha yanakuonyesha kilichopo kwenye kabati la kioo. Mimi nimecheza miaka minne kwa laptopu nikiwa geto Ngarenaro, na huu ni mwaka wa tatu natumia ya mezani hapa Sakina. Ukinibana niseme ipi bora, nitakuuliza kwanza unahama mara ngapi kwa mwaka, umeme wa unapoishi ukoje, na nani mwingine nyumbani atakitaka hicho kifaa. Fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi mashine inachora kila sekunde, zinakuja nyuma ya hayo. Ila kwa kuwa kila mtu anaanza na fremu, basi tuzimalize mapema.

Jina moja, kadi mbili

Kosa linalowagharimu watu hela nyingi ni kudhani kwamba kadi ya picha, ile sehemu inayochora gemu kwenye skrini, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha laptopu ni ile ile inayokaa kwenye kompyuta ya mezani. Chukua RTX 3060 ya NVIDIA. Ya mezani ina kumbukumbu ya GB 12 na inakula umeme hadi wati 170. Ya laptopu ina GB 6, na umeme wake unategemea mtengenezaji wa laptopu kaamua kuipa kiasi gani. RTX 4070 ndiyo kituko zaidi: ya mezani ina GB 12 na viini vya kukokotoa 5,888, ya laptopu ina GB 8 na viini 4,608. Jina halijabadilika hata herufi. Ukipanda hadi 4090, ya mezani inaruhusiwa wati 450, wakati ya laptopu imepangiwa wati 80 hadi 150. Moto wa wati 450 utauweka wapi ndani ya kitu chenye unene wa daftari?

Kuna mtego mwingine ndani ya mtego huo. Hata laptopu mbili zenye RTX 4060 zote si lazima zilingane, kwa sababu kadi hiyo inaweza kupangiwa wati 35 tu au hadi 115. Moja nyembamba ya kupendeza, nyingine nene kama tofali, bei karibu sawa, na ile nene inaiacha mwenzake mbali. Kwa hiyo ukiwa dukani usiridhike na kibandiko. Fungua programu ya mipangilio ya NVIDIA, nenda kwenye taarifa za mfumo, utakuta kiwango cha juu cha wati kimeandikwa pale. Muuzaji akikuuliza unatafuta nini, mwambie unasoma tu.

Sasa niseme jambo ambalo sisi watu wa desktopu hatupendi kulisema. Pengo hilo ni la huko juu. Ukishuka mpaka GTX 1650, ambako wengi wetu ndiko tunakoishi, linakuwa dogo mno. Ya mezani ina viini 896 na inakula wati 75, ya laptopu ina viini 1,024 na inakula kama wati 50, zote zina GB 4, na kwenye gemu zinakimbizana bega kwa bega. Kwa kipimo tu, FC 25, gemu ya mpira, inataka kwa uchache GTX 1050 Ti, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. 1650 inavuka hapo bila kuhema. GTA V, ambayo kwenye kompyuta ilitoka 2015, ndiyo kabisa haiisumbui.

Kwa hiyo mwenye milioni moja na nusu kushuka chini, asinunue ya mezani kwa sababu kaambiwa ina nguvu zaidi. Ainunue kwa sababu nyingine, nazo zipo.

Giza la saa mbili usiku

Dakika ya 80, unaongoza mbili moja, umeme unakatika.

Kwenye laptopu skrini inafifia kidogo, feni zinashusha sauti, mechi inaendelea. Utaona wachezaji wanaanza kutembea kwa kuruka ruka, maana betri haiwezi kutoa umeme kama wa chaja na mashine imejipunguzia nguvu yenyewe. Lakini unamaliza. Usitegemee zaidi ya saa moja hivi ya gemu nzito kwa betri, hata ikiwa mpya. Betri za laptopu huishia chini kidogo ya wati-saa 100 kwa sababu ndicho kikomo cha kupanda nacho ndege bila kuomba kibali, na nyingi za bei yetu zina nusu ya hapo.

Kwenye ya mezani, giza na wewe giza. Na mimi siogopi umeme unapoondoka, naogopa unaporudi. Umeme ukirudi kwa kishindo mara mbili tatu ndani ya dakika moja, friji la jirani linanguruma, taa zinawaka kwa ukali halafu zinafifia, na kama mashine yako imechomekwa ukutani moja kwa moja ndipo powasaplai (visanduku vya ndani vinavyogawa umeme) zinapokufa. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya desktopu bila UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, hujapiga hesabu. Mimi natumia ya VA 650. Hiyo namba kubwa kwenye boksi isikudanganye, VA si wati. Za ukubwa huo hutoa wati mia tatu na ushee. Kwa mashine yangu na skrini inanipa dakika saba au nane, za kuhifadhi gemu na kuzima kistaarabu. Ruta nayo nimeichomeka humo humo. Betri yake ya volti 12 huchoka baada ya miaka miwili mitatu, inabadilishwa.

Laptopu haihitaji hayo yote. Geuza chaja yake usome maandishi madogo: volti 100 hadi 240. Maana yake ule umeme hafifu wa jioni, ambao taa inawaka kama kibatari, chaja inaumeza tu. Na ukiwa unanunua ya mezani ya mtumba, chungulia nyuma kwenye powasaplai kabla hujaichomeka. Baadhi zina kitufe kidogo chekundu chenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikiwa ilikotoka walitumia 115 na hakuna aliyekirudisha, siku ya kwanza kwenye umeme wetu wa 230 utasikia mlio mmoja, halafu harufu.

Kuhusu kula umeme, watu wanatishana bure. Nina kile kipimo cha kuchomeka ukutani. Mashine yangu ya mezani, prosesa (ubongo wa mashine) i5 na GTX 1650, pamoja na skrini, nikicheza inakula kama wati 180. Saa tatu kila siku kwa mwezi ni yuniti 16 hivi. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU, ambaye elfu kumi inampa yuniti 28 kabla ya makato mengine, hiyo ni kama shilingi 5,800. Laptopu ya kadi hiyo hiyo nilipima wati 110, yaani yuniti kumi, shilingi 3,500 na kidogo. Tofauti ni elfu mbili na mia mbili na ushee kwa mwezi. Ukiwa na RTX 3060 ya mezani, mashine nzima itafika wati 300, na hapo utazungumzia yuniti 27. Anayetakiwa kuwa macho ni yule aliye kwenye bei ya chini ya matumizi ya nyumbani, ile ya yuniti 75 kwa mwezi. Yuniti 27 juu ya friji na pasi zinaweza kumvusha mstari, na za juu ya mstari zinakatwa kwa bei nyingine kabisa.

Ila kwenye nyumba za kupanga, tatizo haliko kwenye hesabu, liko kwenye macho ya watu. Vyumba sita, LUKU moja, kila mtu anachangia. Siku walipoona naingiza boksi lenye feni za taa za bluu, mwezi ule ule yuniti zilipoisha mapema mshitakiwa alikuwa mmoja. Nilileta kile kipimo, nikachomeka pasi ya dada wa chumba cha kona: wati 1,000. Nusu saa ya kunyoosha sare ni karibu sawa na saa zangu tatu za mpira. Walinielewa. Mchango wangu walipandisha hivyo hivyo. Laptopu haina kesi ya namna hii, kila mtu anaichukulia ni ya masomo.

Boksi la ofisini

Hapa kwetu ukisema "CPU" fundi anaelewa boksi zima. Na boksi linalotawala soko ni lile lililotoka ofisi za Ulaya, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, yamepangwa kama matofali ya kuchoma. Hapa ndipo kompyuta ya mezani inapoipiga laptopu vibaya sana kwa bei. Wiki mbili zilizopita nilizunguka maduka ya mjini Arusha kumsaidia dogo. OptiPlex ya i5 kizazi cha nane niliambiwa laki nne na nusu, skrini ya inchi 22 ya mtumba laki moja na thelathini, kadi ya GTX 1650 laki tatu na ishirini, UPS laki na nusu. Jumlisha na kibodi, maus na pedi ya kuchezea, unaishia kwenye milioni moja na laki moja na chenji. Laptopu ya mtumba yenye kadi hiyo hiyo hakuna aliyetaja chini ya milioni moja na laki mbili. Bei hizo zitabadilika, uwiano wake ndio uliobaki vile vile tangu nianze.

Lakini boksi la ofisini halikutengenezwa kwa ajili ya gemu, na lina masharti yake. Mimi la kwanza nililipa hela ya ujinga. Nilinunua OptiPlex 9020 ile nyembamba, kwa kuwa inakaa vizuri chini ya meza, halafu nikaagiza kadi Dar ikapakiwa kwenye basi. Imefika, nafungua kifuniko, kadi ni ndefu kwenda juu kuliko boksi lenyewe. Zile nyembamba zinapokea kadi fupi tu, zenye bamba la nusu kimo. Kadi ya namna hiyo ni adimu na wauzaji wanajua. Chukua ile pana inayosimama, bei haitofautiani sana.

Pili, powasaplai. Ile 9020 nyembamba ina wati 255, pana ina 290, na viunganishi vyake ni vya Dell mwenyewe, si vya kila duka. Huna waya wa ziada wa kulisha kadi. Ndiyo maana kadi inayokufaa ni isiyo na tundu la umeme juu yake, inayokula kutoka kwenye ubao tu, ambao unatoa hadi wati 75. GTX 1050 Ti nyingi ziko hivyo, 1650 nyingi pia, lakini si zote, kwa hiyo angalia picha kwa makini kabla ya kutuma hela. RX 6400 inakula wati 53 na inapatikana fupi, watu wanaisifu. Mimi siipendi kwenye boksi hizi za zamani kwa sababu imeunganishwa kwa njia nne tu, na kwenye ubao wenye PCIe (njia ya kadi kuongea na ubao) ya kizazi cha tatu kasi inashuka waziwazi. Halafu haina sehemu ya kurekodi video. Anayetaka kupandisha magoli yake mtandaoni ataijutia.

Tatu, kizazi. Namba baada ya kistari: i5-4570 ni kizazi cha nne, i5-8500 cha nane, i5-10400 cha kumi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Mafundi wanaipachika kwenye vya zamani na inawaka, hilo sibishi. Ila gemu kama Valorant ikikukuta na Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya mashine, viwe vimewashwa, na boksi la kizazi cha nne halina cha kujibu. Laki moja unayookoa kwenye i5-4570 utakuja kuitafuta.

Kadi nayo ijaribu kabla hujaondoka dukani. Kuna muuzaji mmoja aliniuzia 1050 Ti, boksi zuri, plastiki haijachanwa, kumbe ndani ni chipu ya zaidi ya miaka kumi iliyobadilishwa jina kwa programu. Windows yenyewe ilidanganyika, ikaandika 1050 Ti kwa herufi safi. GPU-Z ndiyo iliyoumbua: imeandika FAKE mbele ya jina. Programu hiyo ni ya bure na inakaa kwenye flashi. Siku hizi natembea nayo kama mtu anayetembea na dawa ya pumu.

Faida kubwa ya boksi inaonekana mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka jana niliongeza SSD, ile diski ya kasi, kabla ya hapo nilitoa kadi ya zamani nikamuuzia chalii mmoja wa Sombetini, nikaweka mpya. Skrini ni ile ile, kibodi ile ile. Kwenye laptopu kadi ya picha imechomelewa kwenye ubao. Ikifa, umekufa ubao. Unachoweza kuongeza ni RAM na SSD, na kwenye baadhi hata RAM imechomelewa. Na RAM yenyewe, tangu mwishoni mwa 2025 imepanda bei dunia nzima kwa kuwa viwanda vinavihudumia kwanza vituo vya data vya akili mnemba. Ule ushauri wetu wa zamani wa "chukua yenye GB 8, utaongeza baadaye" naomba tuupumzishe. Ukikuta yenye 16 tayari, iwe laptopu au boksi, hiyo tofauti ya bei ilipe.

Vumbi

Hii sehemu haiandikwi kwenye ulinganisho wa wazungu, na kwetu ndiyo inayoua mashine.

Laptopu ya rafiki yangu wa Pasua, Moshi, ilikuwa inaganda kila baada ya dakika kumi na tano. Alishaanza kuitafutia mteja. Tuliigeuza, skrubu kumi na moja, moja kichwa kimeliwa ikabidi tuitoe kwa kubembeleza. Feni zenyewe zilikuwa safi, ukizitazama unasema hamna tatizo. Tulipozing'oa ndipo tukaona: kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na utando wa rangi ya udongo, mzito, unashikika kwa kucha na kutoka mzima kama kipande cha blanketi. Upepo ulikuwa haupiti kabisa. Tukasafisha, tukabadilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa iliyokauka kama dawa ya meno ya mwezi uliopita. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97, ikarudi 81 kwenye gemu ile ile, na Januari ya Moshi ilikuwa iko kazini kwelikweli nje.

Laptopu inavuta hewa kutoka chini, yaani kutoka kitandani, kwenye mkeka, kwenye meza yenye kitambaa cha kufuma. Boksi linavuta kwa mbele na lina nafasi, vumbi linajikusanya lakini halizibi haraka. Kulisafisha ni kufungua kifuniko kimoja na kupita na brashi ya rangi. Wengine wanalipeleka kwa fundi pancha apulize kwa kompresa. Inasaidia, mradi ushikilie mapanga ya feni yasizunguke kama ya helikopta, na ujue kompresa nyingi zinatema maji kwanza. Mwache apulize chini mara mbili, ndipo aguse kompyuta.

Tofauti ya miji hii miwili nayo ihesabu. Arusha iko juu, Juni na Julai unacheza na koti, mashine inapumua. Moshi iko chini na joto lake la Januari hadi Machi si la mchezo. Kwa mtu wa Majengo au Njoro mwenye chumba cha bati bila dari, mimi laptopu ya gemu ningemuuzia kwa shingo upande.

Yale mengine

Wizi: laptopu inaingia kwenye begi kwa sekunde tano, boksi na skrini yake hakuna mtu anayekimbia nalo uchochoroni. Intaneti haichagui, mechi ya mtandaoni itakwama kwa zote. Boksi likiwa na waya wa ruta badala ya Wi-Fi linatulia zaidi, basi. Kupakua gemu ya GB 100 kwa bando ni kilio, na hapo mwenye laptopu anaibeba mpaka kwa jamaa mwenye faiba akalala huko. Mwenye boksi naye akipewa diski ya nje anaweza kunakili folda la gemu la Steam, duka la gemu la mtandaoni, kutoka kwa rafiki na kumalizia masasisho tu.

Familia ndiyo ngumu. Wengi wananunua boksi bila skrini, wakitegemea TV ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Inafanya kazi vizuri sana mpaka saa mbili kamili, taarifa ya habari inapoanza, baada ya hapo tamthilia ya mama. Nimeona mtu mzima na ndevu zake anasubiri mpaka saa nne usiku aruhusiwe kucheza. Nunua skrini yako.

Na safari. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na mimi nimewahi kuibeba ya mezani kwenye Kosta: skrini mapajani, boksi kwenye buti juu ya mkungu wa ndizi wa mtu. Tulipofika Boma Ng'ombe nilikuwa nimeshatubu. Ukilazimika, toa kadi ya picha uifunge peke yake kwenye nguo, maana kila tuta linaitikisa ikining'inia kwenye tundu lake. Disemba, watu wanapopanda Rombo na Marangu na Kibosho, boksi linabaki mjini na wewe unakaa wiki mbili unatazama migomba.

Nikamrudia dogo. Mwaka wa kwanza atakaa hosteli, wanne chumba kimoja, meza moja. Wikendi anarudi kwa mama Usa River. Mwaka wa pili atatafuta geto, hajui wapi. Na atahitaji kuandika kazi za chuo na kusimama mbele ya darasa na kompyuta yake. Angeniambia anakwenda kukaa kwa mjomba Rau miaka yote mitatu, ningemgawia hela mara mbili: laki tatu laptopu kuukuu ya masomo, zilizobaki boksi pana la kizazi cha nane na 1650. Huo ndio mgawanyo ninaoupenda kuliko yote, na ndio ninaomwambia yeyote mwenye chumba kisichohama. Kwa huyu, hapana. Laptopu.

Tulikwenda kuinunua pamoja. Nilimwambia asiguse hela mpaka gemu icheze dakika ishirini, chaja ikiwa imechomekwa, maana Windows peke yake kila mashine inaiweza. Muuzaji alinung'unika lakini akakubali. Wakati inacheza niliangalia chaja: wati 150, ya kwake yenyewe. Zipo zinazouzwa na chaja ya wati 65 ya laptopu ya kawaida, na mnunuzi anashangaa mwezi mzima kwa nini inajikokota. Kisha nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Inakutengenezea ukurasa unaoonyesha betri ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo gani na sasa inajaa mpaka wapi. Ilikuwa imebaki na chini ya nusu. Nikamgeuzia muuzaji skrini, sikusema kitu. Akashusha elfu themanini, dogo akalipa milioni moja na laki moja na sabini, na kwenye kilichobaki akanunua pedi na ubao wa kuinulia laptopu isivute vumbi la meza.

Juzi usiku kaniandikia kutoka hosteli. Umeme ulikatika dakika ya 70, wenzake wote chumbani wakaguna, mashine yake ikaendelea kuwaka kama kawaida.

"Safi," nikamjibu. "Ukashinda?"

"Mechi ilikatika kaka. Ruta ya hosteli haina betri."